Nyuzi za gitaa la stili: zimechakaa, au zinasingiziwa?

Gitaa la stili, liwe la kupakatwa mapajani au lile lenye miguu na pedali, halina freti zinazokula nyuzi. Alama za freti zimechorwa tu ubaoni na uzi hauzigusi. Ndiyo maana anayehamia huku kutoka gitaa la kawaida huikosa dalili aliyoizoea, yaani vile vibonyeo vidogo chini ya uzi pale freti inapougonga kila siku. Nyuzi zinaonekana nzima, pengine zinang'aa, na bado gitaa linalia limeziba pua. Au kinyume chake: nyuzi ni za juzi, lakini gitaa linapoteza tyuni, na mwenyewe anazing'oa kwa hasira na kufunga seti nyingine ambayo nayo itapoteza tyuni vilevile.

Kabla ya kununua seti mpya, basi, inafaa kujua ni makosa gani ni ya nyuzi na ni yapi ya mashine iliyozishika. Nitazitaja dalili kama zinavyojitokeza mtu akiwa amekaa na chombo chake. Nikisema chuma cha mkono, nina maana ya kile kipande kizito cha mviringo unachokitelezesha juu ya nyuzi. Chenja ni ule mtambo wa mwishoni, upande wa mkono wa kucharaza, ambao pedali zinauvuta ili kupandisha au kushusha noti. Kila uzi hupita juu ya kidole chake kimoja cha chenja, na upande wa pili, kichwani, hupita juu ya kigurudumu kidogo kabla ya kufika kwenye kigingi.

Uzi mtupu na uzi wa kuzongwa havifi kwa namna moja

Uzi mtupu ni waya mmoja wa feleji, yaani chuma kigumu kinachoweza kushika kutu. Uzi wa kuzongwa una kiini cha feleji kilichozungushiwa waya mwingine wa nikeli, wa chuma kilichopakwa nikeli, wa chuma kisichoshika kutu, au wa bronzi.

Uzi wa kuzongwa hufa sauti kwanza. Jasho, mafuta ya ngozi na vumbi hujaa katikati ya mizunguko ya waya. Uchafu huo unazima milio ya juu, ile inayoipa noti makali yake, na kwa kuwa haujai sawasawa urefu wote, uzi unakuwa mzito hapa na mwepesi pale. Uzi wa hivyo unaweza kukaa miaka bila kukatika, huku umeshakufa.

Uzi mtupu hauna mifereji ya kushika uchafu. Sauti yake hubaki karibu ileile mpaka siku unapokatika, na hukatika kwa sababu umepindwa mara nyingi mno mahali pamoja. Kwa hiyo nyuzi za kuzongwa zihukumu kwa sikio, na nyuzi tupu zihukumu kwa muda na kazi zilizofanya. Wengi hufanya kinyume: wanasubiri uzi wa kuzongwa ukatike, na wanategemea uzi mtupu utoe dalili.

Sauti imefifia, hasa chini

Usianze na seti nzima. Chukua noti moja inayopatikana kwenye uzi mtupu na pia kwenye uzi wa kuzongwa, oktavu moja chini. Katika tyuni ya E9 yenye nyuzi 10, iliyo ya kawaida kwa gitaa la pedali, kuanzia uzi wa kwanza ulio mbali nawe, mpangilio ni F#, D#, G#, E, B, G#, F#, E, D, B. Uzi wa 4 na wa 8 zote ni E. Wa 5 na wa 10 zote ni B. Charaza wa 5, kisha wa 10, kwa nguvu ileile. Kwenye gitaa la mapajani lililotyuniwa C6 (C, E, G, A, C, E, kuanzia uzi mnene) una C mbili na E mbili za kulinganisha.

Nyuzi za juu zikiwa kali na safi, na za chini zikitoa kishindo kisicho na mwangwi wa juu, nyuzi za kuzongwa zimekwisha. Hapo huna haja ya uchunguzi zaidi.

Kama zote zimefifia kwa kiwango kimoja, juu na chini, shaka inahama. Uzi mtupu haufifii kiasi hicho kwa uzee peke yake. Chomoa pedali ya sauti, ile ya pembeni ya kuongeza na kupunguza ukubwa wa sauti, na uunganishe gitaa moja kwa moja kwenye amplifaya kwa waya mfupi. Sauti ikirudi, tatizo ni kidhibiti sauti kilichochakaa ndani ya pedali, au urefu wa waya. Waya mrefu unakula milio ya juu kabla haijafika kwenye amplifaya. Angalia pia kitufe cha toni, ambacho ni rahisi kukigusa bila kujua kwa sababu mkono unapita karibu nacho kila wakati, na mara nyingi ndicho mkosaji.

Kuna hali moja zaidi: nyuzi za chini zina sauti ndogo kuliko za juu tangu siku ya kwanza zilipofungwa. Soma pakiti. Pikapu ya sumaku, yaani kile kifaa kilicho chini ya nyuzi kinachogeuza mtetemo wake kuwa umeme, husikia chuma, haisikii bronzi. Ukifunga nyuzi za bronzi kwenye gitaa la umeme, pikapu inasikia kile kiini chembamba tu, wakati nyuzi tupu zinasikika zote. Kwa kweli pikapu ya sumaku imekua pamoja na gitaa hili. Gitaa la umeme la kwanza kupata soko, lile la Rickenbacker lililobandikwa jina la kikaango na kuanza kuuzwa mwaka 1932, lilikuwa gitaa la kupakatwa mapajani. Bronzi ibaki kwenye magitaa ya mbao na yale yenye koni ya chuma ndani.

Wapo wanaochemsha nyuzi au kuzifuta kwa spiriti ili zirudi. Zinarudi kweli, kwa muda mfupi. Kwa nyuzi nene za besi, ambazo ni ghali, naielewa hesabu hiyo. Kwa seti ya gitaa la stili naona ni kazi ya bure, maana utazifungua, utazichemsha, utazikausha na kuzifunga upya zikiwa tayari na mpindo wa zamani kwenye kidole cha chenja, na ukizifunga tena mpindo haukai mahali pake. Spiriti nayo ikidondokea rangi ya mwili wa gitaa, una tatizo jipya.

Uzi wa tatu unakatika, na unakatika tena

Hiki ndicho kilio kikuu cha wapiga pedali, na kina sababu zake.

Ingawa umekaa nafasi ya tatu, G# hii ndiyo noti ya juu kuliko zote kwenye seti ya E9, na uzi wake ndio mwembamba kuliko wote: kwa kawaida inchi 0.011. Ukiwa wazi unatetemeka takriban Hz 415. Pedali za E9 huitwa A, B na C, na pedali B inaupandisha uzi huu mpaka noti ya A, Hz 440. Kupanda nusu hatua kunaongeza mvutano kwa karibu asilimia 12, na uzi huu ulikuwa tayari karibu na ukomo wake kabla hujakanyaga chochote. Halafu kila ukikanyaga na kuachia, sehemu ndogo ya uzi inayopita juu ya kidole cha chenja inakunjuka na kukunjika tena. Waya wa chuma hauvumilii mchezo huo milele.

Mtu anayekatikiwa mara kwa mara hukimbilia uzi mnene zaidi, 0.012, akiamini unene ni nguvu. Nguvu inaongezeka kweli, ila uzi mnene unahitaji kuvutwa zaidi ili ufike noti ileile, na hizo mbili zinakwenda sambamba. Mzigo kwa kila kipande cha unene unabaki palepale. Zaidi ya hapo, waya mwembamba, kwa jinsi unavyovutwa kiwandani, huwa na uimara kidogo zaidi kwa unene wake. Kinachobadilisha hali ni urefu wa uzi unaotetemeka: gitaa la inchi 24 linauonea huruma zaidi kidogo kuliko la inchi 25, lakini urefu wa gitaa huwezi kuubadilisha. Ukipenda sauti ya 0.012, ifunge kwa ajili ya sauti.

Kabla hujatupa kipande kilichokatika, tazama kimekatikia wapi.

*Juu ya kidole cha chenja.* Hapa ndipo hukatikia mara nyingi. Kama ulikuwa umekaa muda mrefu na kupigwa sana, ni uchovu wa chuma. Funga mwingine na uendelee. Kama ulikuwa mpya, kagua kidole chenyewe. Nyuzi huchimba kijifereji juu yake miaka inavyokwenda, na ukingo wa kijifereji hicho unakata. Pitisha ukucha taratibu kutoka upande hadi upande. Ukihisi unakwama, kidole kinahitaji kulainishwa kwa msasa mwembamba sana na kung'arishwa, bila kubadilisha umbo la mviringo wake. Kama huna uzoefu wa kazi hiyo, mpe fundi, kwa sababu kidole kilichosawazishwa vibaya kitatoa mlio wa kuvuma ambao hakuna uzi utakaouondoa. Tone moja dogo la mafuta mepesi mahali uzi unapokalia linasaidia pia.

*Kichwani, kwenye kigurudumu au kigingi.* Jaribu kuzungusha kigurudumu kwa ncha ya kidole uzi ukiwa umelegezwa. Kikigoma, uzi unasuguliwa badala ya kubebwa. Kisafishe, tia mafuta kidogo kwenye ekseli yake. Ukikatikia kwenye kigingi chenyewe, huenda shimo lake lina ukingo mkali, au uzi ulikunjwa kwa pembe kali wakati wa kuufunga.

*Karibu na kile kidonge cha mwisho, pale uzi unapojisokota.* Kasoro ya kiwandani, au uzi uliruka kutoka kwenye pini ya chenja ukarudi vibaya. Kama haukukatika bali noti inashuka polepole siku nzima, msokoto unateleza. Ubadilishe, hautapona.

*Katikati.* Ni nadra. Tafuta kutu mahali hapo, au jeraha kwenye chuma cha mkono.

Ushauri wangu kwa uzi huu ni mmoja, na siuachi: ubadilishe kabla haujakatika, hata kama unalia vizuri. Ukishajua kwa gitaa lako na mguu wako huwa unadumu muda gani, uondoe mapema kidogo kabla ya muda huo, na kwa hakika kabla ya onyesho lolote la maana. Nunua nyuzi za tatu moja moja, kadhaa kwa wakati mmoja. Uzi wa 5 unafuata kwa hatari, kwa sababu pedali A inaupandisha hatua nzima, B mpaka C#, yaani mvutano unapanda kwa takriban robo, na kwenye mpangilio wa kawaida pedali C nayo inauvuta. Ila uzi wa 5 uko chini zaidi ya ukomo wake, kwa hiyo unavumilia.

Na usiweke uso juu ya chenja wakati unapandisha uzi mpya.

Halishiki tyuni

Hapa ndipo nyuzi zinaposingiziwa zaidi. Uzi mzee haupotezi tyuni ovyo, umeshanyooka zamani. Anayepoteza tyuni kwa kawaida ni uzi *mpya* ambao haujanyooka, au mashine.

Kwa uzi mpya, uvute kwa mkono kwa upole, utyuni, ukanyage pedali zake mara kadhaa, utyuni tena. Rudia mpaka utulie. Kama baada ya siku moja au mbili za kupiga bado unashuka, tazama namna ulivyoufunga kwenye kigingi: mizunguko iliyopandana inaendelea kujikaza kila unapopiga.

Kwa mashine, fanya majaribio mawili ukiwa na tyuna mbele yako.

La kwanza: piga uzi wa 3 ukiwa wazi, soma tyuna. Kanyaga pedali B, achia, piga tena bila kugusa kigingi. Ukirudi juu kidogo au chini kidogo ya pale ulipoanzia, na hasa ukirudi tofauti kila mara, kuna kitu kinagoma: kigurudumu cha kichwani, ekseli ya vidole vya chenja, au springi ya kurudisha iliyolegea. Safisha, tia mafuta mepesi kwenye viungo vinavyosogea, jaribu tena. Seti mpya haitafanya lolote hapa.

La pili: piga uzi wa 4, ambao pedali A na B haziugusi. Soma tyuna, kisha kanyaga A na B kwa pamoja huku uzi wa 4 ukiendelea kulia. Noti ikishuka kidogo, ni mwili wa gitaa unaojipinda kwa mzigo wa nyuzi zilizovutwa. Magitaa mengi ya pedali yana tabia hiyo kwa kiasi fulani, mazuri kwa mabaya. Wapigaji huizoea au huitafutia njia kwenye kutyuni. Hakuna uhusiano na umri wa nyuzi.

Chuma kiko juu ya alama, lakini noti si yenyewe

Jaribio linalojulikana ni la freti ya 12. Gusa uzi kwa wepesi juu kabisa ya alama ya 12, charaza, inua kidole: utapata hamoniki, ambayo ni oktavu kamili ya uzi wazi. Kisha weka chuma cha mkono hapohapo na ucharaze. Noti mbili zinapaswa kufanana.

Ugumu ni kwamba kwenye gitaa hili wewe ndiwe freti. Chuma kikisogea upana wa unywele, noti imesogea. Kwa hiyo usihukumu uzi mmoja peke yake. Weka chuma kikiwa kimenyooka, kisikae upande, na usome nyuzi kadhaa bila kukisogeza. Zote zikiwa juu kwa kiasi kimoja, chuma chako kiko mbele ya alama. Zikipanda taratibu kutoka upande mmoja kwenda mwingine, umekilaza upande. Uzi mmoja tu ukiwa na noti yake yenyewe, mbali na majirani, na hasa ukiwa wa kuzongwa, huo umebeba uzito usio sawa. Ubadilishe.

Tahadhari moja kuhusu G#. Wapigaji wengi hutyuni terza ya kodi (kodi ni noti kadhaa zinazolia pamoja, na terza ni noti yake ya tatu, ambayo kwenye kodi ya E ni G#) chini ya pale tyuna inapoonyesha sifuri, kwa sababu terza safi iko karibu senti 14 chini ya ile ya tyuna, senti moja ikiwa sehemu moja ya mia ya nusu hatua. Uzi wa 3 na wa 6 ukiusoma uko chini, huenda ndivyo ulivyotyuniwa kwa makusudi. Linganisha uzi wazi na uzi ulio na chuma. Usilinganishe na sifuri ya tyuna.

Dalili nyingine ya aina hii ni uzi unaopigana na wenyewe: unacharaza uzi mmoja tu, na sauti inapanda na kushuka mawimbi kana kwamba kuna nyuzi mbili zisizolingana. Uzi huo una noti mbili ndani yake. Huwa ni kutu, jeraha, au uzi uliosokotwa wakati wa kuufunga. Nyuzi mpya nazo huja hivyo mara mojamoja kutoka kiwandani, kwa hiyo usishangae ukiukuta kwenye pakiti uliyoifungua leo. Hata hivyo, zima nyuzi nyingine zote kwa kiganja kabla hujaamua, kwa sababu jirani anayeitikia anaweza kukudanganya.

Mikwaruzo, kuvuma, kutetema

Mkwaruzo unapotelezesha chuma kwenye nyuzi za kuzongwa ni wa kawaida. Chuma kinapita juu ya mizunguko ya waya. Nyuzi zilizozongwa kwa chuma kisichoshika kutu hukwaruza zaidi kidogo, ingawa hukaa na makali yake muda mrefu. Usichotaka ni mkwaruzo *uliobadilika*.

Telezesha polepole kutoka alama ya 1 hadi ya 15 kwenye uzi mmoja wa kuzongwa. Pale unapopiga sana, mizunguko ya waya inasagika na kuwa bapa. Mkwaruzo ukiwa mkali karibu na kichwa, ukatoweka katikati, ukarudi huku mbele, uzi umesagika. Ukucha utakuthibitishia: karibu na kigurudumu utahisi mistari, katikati utahisi ulaini.

Kabla ya kulaumu nyuzi, zungusha chuma mkononi nusu mzunguko kisha utelezeshe tena. Mkwaruzo ukiisha, chuma ndicho kina jeraha, pengine kiliangukia sakafuni. Chuma chenye jeraha hunyoa nyuzi mpya kwa muda mfupi, kwa hiyo kinatangulia kushughulikiwa kabla ya seti yoyote.

Kutetema kama kuna kitu kimelegea ndani ya uzi ni mizunguko ya waya iliyofunguka. Mara nyingi chanzo ni uzi uliokatwa ncha kabla ya kukunjwa: waya wa nje unaachia na kufunguka polepole kurudi nyuma. Huo hauna tiba.

Uzi mmoja ukivuma chini ya chuma wakati majirani wametulia, na si mzee, tazama kimo chake. Kwenye magitaa mengi ya pedali kila kigurudumu cha kichwani kimechongwa kwa unene wa uzi wake, ili migongo ya nyuzi zote iwe sawa na chuma kizilalie kwa pamoja. Ukibadilisha unene, uzi unakaa juu au chini ya wenzake, na chuma hakiugusi vizuri. Weka rula iliyonyooka juu ya nyuzi karibu na kichwa utaona mwanga unapita wapi.

Kwenye gitaa lenye koni ya chuma ndani, ambalo mara nyingi hutyuniwa G, B, D, G, B, D, kutetema kunakosikika kwenye nyuzi *zote* kwa noti fulani tu ni kwa koni ambayo haikukaa vizuri. Usilegeze nyuzi zote kwa mpigo kulikagua kama hujui kulirudisha.

Kutu

Haina mjadala mrefu. Pitisha kidole *chini* ya uzi, upande ambao kitambaa hakifiki. Ukihisi chembechembe, au kidole kikitoka cheusi, ondoa uzi huo hata kama unalia. Kutu kwenye uzi mtupu ndipo utakapokatikia, na kutu inasaga chuma cha mkono. Nyuzi hushika kutu hata gitaa likiwa limefungiwa kwenye sanduku bila kupigwa, hasa penye unyevu, kwa hiyo "sijaligusa tangu nilipozifunga" si ushahidi kwamba ni mpya.

Nyuzi zilizofunikwa kwa utando mwembamba wa plastiki huchelewa kushika kutu na uchafu. Kwenye gitaa hili, hata hivyo, chuma cha mkono kinausugua utando huo siku zote, na baadhi ya watu hawapendi jinsi kinavyoteleza juu yake.

Umeamua kubadilisha: zipi, na vipi

Uzi mtupu ukikatika, badilisha huo mmoja. Mpya hautatofautiana sana na majirani wake. Uzi wa kuzongwa ukihitaji kubadilishwa, badilisha wa kuzongwa wote. Mmoja mpya katikati ya wazee unapiga kelele kila kodi unayocheza, na pedali ya sauti haitausawazisha. Seti nzima ni lazima unapohamia aina nyingine ya chuma au unene mwingine.

Kuhusu muda, anayepiga kila usiku atabadilisha kila wiki chache au mapema zaidi, anayepiga nyumbani kwa utulivu anaweza kwenda miezi. Jasho la mikono linatofautiana mno kati ya mtu na mtu kiasi kwamba kalenda ya mwenzako haikusaidii. Andika tarehe kwenye kipande cha karatasi ndani ya sanduku, na pembeni yake andika kila uzi wa tatu uliokatika. Baada ya seti chache utakuwa na kalenda yako.

Fungua na ufunge mmoja mmoja, ili mvutano wa gitaa usibadilike ghafla, isipokuwa kama unataka nafasi ya kusafisha chenja. Legeza kabla ya kukata. Usikanyage pedali uzi ukiwa umelegea, kwa sababu kidonge cha mwisho kinaruka kutoka kwenye pini yake na kuukamata tena kule ndani ni kazi ya koleo na subira. Ingiza uzi bila kuusokota. Kwa uzi wa kuzongwa, ukunje kwanza pembe kali baada ya kigingi, ndipo ukate mbele ya mkunjo, waya wa nje usiachie.

Zikishatulia, tyuni nyuzi zikiwa wazi kwanza, kisha kanyaga kila pedali, sukuma kila lever (wenzo wa goti), na urekebishe zile nati ndogo za plastiki mwishoni mwa gitaa, moja baada ya nyingine. Ukiwa umebadilisha uzi wa 6 kutoka mtupu kwenda wa kuzongwa, au kinyume, tegemea pedali yake kuwa mbali kabisa na noti, maana uzi wa aina tofauti unahitaji mvuto wa urefu tofauti. Huenda ukalazimika kusogeza fito zinazounganisha pedali na chenja chini ya gitaa, si nati peke yake. Rudia kutyuni kesho yake kabla ya kupiga, halafu weka nyuzi za tatu za akiba kwenye mfuko uleule wenye koleo na kitambaa.